Maji ya Ukindu

Pale Kiegeani, kisiwani Mafia, ukiuliza nani fundi wa mikeka, mtu hakai kufikiri. Atakuelekeza kwa Bi Arafa. Mikeka ya wengine hulaliwa. Ya Bi Arafa hukunjwa, ikawekwa juu ya kabati, ikatandikwa siku ya mgeni wa heshima tu. Mwenyewe jambo hilo lilimuudhi. Alisema yeye hasuki mapambo. Mkeka ni wa kukalia, na asiyetaka kuukalia amrudishie.

Bi Arafa alikuwa mjane. Alikaa na binti yake, Aziza, mkulima wa mwani. Aziza alikuwa ameachika, akarudi kwao na vyombo vyake vyote, mpaka mbuzi ya kukunia nazi. Hakuwa mtu wa kuonewa. Kaka yake mkubwa, Mansuri, alikaa na mke na watoto nyumba ya pili kutoka hapo. Mansuri aliendesha bodaboda, kutwa yu njiani baina ya Kiegeani na Kilindoni. Chochote kipya kikishushwa Kilindoni, yeye ndiye wa kwanza kukiona na wa kwanza kukisifia.

Kila siku baada ya sala ya Alfajiri, Bi Arafa aliingia katika chumba chake cha kusukia. Alifunga dirisha. Alifunga na mlango. Usimshangae, alikuwa na sababu. Ukindu ni majani ya mkindu yaliyokaushwa, yakachanwa membamba, mengine yakachemshwa na rangi. Na ukindu unadeka. Ukipigwa na upepo unakakamaa, na ukikakamaa unakatika mkononi. Kwa hiyo upepo haukutakiwa chumbani. Karibu na goti lake aliweka beseni la maji. Aliloweka ukindu humo, akautoa umelainika, akasuka ukili, yaani ule utepe mrefu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka.

Tena alikuwa na mazoea yake. Ukindu wa rangi ambao zamu yake haijafika, aliushika kwa meno. Aliupitisha midomoni, akaulowesha kwa ulimi ubaki laini. Mikono inasuka, mdomo unashika. Mama yake alisuka hivyo, na bibi yake alisuka hivyo. Hakuna aliyewahi kuliona kuwa ni jambo.

Maji ya beseni hayakumwagwa. Bi Arafa alishikilia kwamba maji mapya yanafifisha rangi, basi yeye aliyaongeza tu yalipopungua. Yakakaa wiki, yakakaa mwezi. Nawe unajua maji yaliyosimama yanazaa nini. Chumba kikajaa mbu. Bi Arafa akawa anasuka huku anajipiga makofi ya miguu, na mwenye kupita nje angedhani mle ndani kuna ngoma.

Walijaribu dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo. Moshi ulijaa chumbani kwa sababu hauna pa kutokea. Bi Arafa akakohoa, mbu wakapungua, kesho yake wakarudi. Aziza alikasirika. Mama yake alikuwa ameugua malaria mwaka uliopita, na ugonjwa ule ulimlaza hasa. Hakutaka kuuona tena.

Ndipo Mansuri alipoleta chupa. Ilikuwa chupa ya soda, haina karatasi wala maandishi, imefungwa kwa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na dawa ya shambani, ya kuulia wadudu wa mikorosho. Rafiki yake alimmiminia kidogo. Mansuri aliisifia mpaka mate yakamruka. Za dukani, alisema, ni manukato tu, mbu wanajipaka wakaenda harusini. Hii ndiyo dawa.

Aziza aliichanganya na maji, akaitia katika bomba la kupulizia, akapuliza chumba kizima. Asubuhi alikuta mijusi kafiri wanne sakafuni, matumbo juu. Aliwafagia huku anacheka. Akamwita Mansuri aje aone. Dawa inayoua mpaka mjusi, mbu atapona wapi?

Tangu siku hiyo akawa anapuliza kila jioni. Kisha akaona viluwiluwi wanacheza katika beseni la ukindu. Viluwiluwi ni watoto wa mbu, na Aziza aliwajua. Akatia humo kifuniko kimoja cha dawa. Baada ya muda mfupi wote wakatulia. Mama yake alilalamika kwamba maji yananuka. Aziza akamtuliza kwamba harufu itaisha, na tena maji yale si ya kunywa, ni ya ukindu tu. Akaona amemaliza kazi. Maji yalipopungua aliongeza, na dawa akaongeza.

Wakati huo Bi Arafa alikuwa na kazi kubwa mkononi. Furaha, binti mkubwa wa Mansuri, alikuwa aolewe baada ya Idi. Bibi yake alimuahidi mkeka wa harusi wenye ua la jicho la kasa. Ua hilo ni gumu. Lina hesabu zake za kuruka na kurudi, na pale kijijini lilibaki kwa Bi Arafa peke yake. Aliwahi kumwita Aziza mara nyingi aje afundishwe. Aziza kila siku alikuwa na mwani.

Mambo yakaanza kidogo kidogo. Kwanza kichwa kilimuuma Bi Arafa kila siku kuanzia mchana. Mate yakamjaa mdomoni. Macho yakamtoka machozi, na mikono ikatetemeka alipokamata kikombe. Kisha ikaja hali ya kusahau. Alitia chumvi katika mchuzi, akatia tena. Alimuuliza Aziza kama yeye mwenyewe amekwisha sali Adhuhuri, akajibiwa ndiyo, akaenda kutawadha upya. Siku moja alimwita Aziza kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Aziza aliitika, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Majirani wakaanza kusema. Wengine walisema uzee. Wengine walishusha sauti wakasema si bure, mwanamke mwenye sifa namna ile ana wenye kumwonea choyo, ametupiwa kitu. Mansuri alikuwa upande wa uzee. Alisema mama amechoka, anyang'anywe ukili apumzike, na mkeka wa Furaha upelekwe kwa fundi mwingine Kilindoni. Alilisema kwa mapenzi, lakini lilimchoma Aziza kama mtu amesema wakamzike.

Alasiri moja Aziza alirudi kutoka pwani na gunia la mwani. Aliusukuma mlango wa chumba cha kusukia. Mama yake alikuwa amekaa kimya, ukili umelala mapajani. Mikono ilikuwa imesimama. Aziza hakuwahi kuiona mikono ile imesimama juu ya ukili.

"Aziza," mama yake akasema polepole, "jicho linafungwaje?"

Aziza alilitazama lile ua. Lilikuwa limeanza vizuri, likapotea katikati, rangi nyekundu imekwenda mahali pa nyeusi. Yeye jicho hajawahi kulifunga wala kulifungua.

"Mimi naondoka, mwanangu," akasema Bi Arafa. "Mwili upo. Kichwa ndicho kinachoondoka."

Aziza alikaa chini na nguo zake za maji ya chumvi, akalia. Alilia kwa hofu na kwa hasira pia. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga, akasimama. Alisema kesho watakwenda zahanati, na mwenye neno la uzee au la choyo abaki nalo kwake.

Zahanati alikuwapo muuguzi mmoja, Cresensia, mwenyeji wa bara, ambaye alikwisha kaa Mafia miaka mingi. Watu walimpenda kwa sababu anasikiliza mpaka mwisho. Walimchukia kidogo kwa sababu anauliza mpaka mwisho pia. Alimwamkia Bi Arafa, shikamoo mama, akaitikiwa marahaba. Akampima malaria, hakuikuta. Akampima shinikizo la damu na sukari, vyote vilikuwa sawa. Akamulika macho yake. Mboni zilikuwa zimejifinya, ndogo kama kichwa cha pini, hata kabla ya kumulikwa.

Cresensia akaanza kuuliza. Hali hii imeanza lini? Aziza akasema tangu mwezi uliopita. Je, kuna wakati inampungua? Aziza alifikiri, akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kulitia maanani. Mama yake alikwenda Kilindoni kwenye hitima, ukili akauacha nyumbani, akalala huko siku kadhaa, akarudi mzima, anataniana na kila mtu. Alipokaa nyumbani tena, kichwa kikaanza upya.

Cresensia akasema uzee hauendi hitima ukarudi. Kuna kitu nyumbani. Akauliza wanapikia nini, wanakunywa maji ya wapi, wanafukuza mbu kwa dawa gani.

Swali la mwisho Aziza alilipenda. Alikaa vizuri, akajibu kwa fahari. Kwao mbu hakuna. Hata mjusi kafiri hakuna, wote wamekufa. Akaeleza habari ya chupa ya Mansuri, bomba la kupulizia, dirisha linalofungwa ili ukindu usikauke. Akaeleza na habari ya viluwiluwi.

Uso wa Cresensia ulibadilika. "Dawa hiyo umeitia katika maji?"

"Ya beseni tu, dada. Maji ya ukindu. Hakuna anayeyanywa."

"Aziza, mtazame mama yako."

Aziza akageuka. Bi Arafa alikuwa amekaa kwenye benchi, kikapu chake miguuni. Isipokuwa msibani, popote alipokwenda alikwenda na ukili, kama wenzake wote. Vidole vyake vilikuwa vinahangaika na miyaa, yaani zile nyuzi za ukindu. Uzi mmoja mwekundu alikuwa ameushika kwa meno. Aliuvuta polepole, akaupitisha midomoni, akaulamba uwe laini, akaurudisha mahali pake.

"Anayanywa," akasema Cresensia. "Tangu mmefika hapa, anayanywa."

Yale mazoea Aziza ameyaona tangu yu mtoto mgongoni, na kwa sababu ameyaona kila siku, hakuwahi kuyaona kabisa.

Cresensia hakupiga kelele. Alivaa glavu, akautoa ule uzi mdomoni kwa upole, akauliza, "Mama, utaniazima kikapu chako kidogo?" Alikitia katika mfuko, akaufunga. Alimsukutulisha mdomo, akamtemesha, akamnawisha uso na mikono kwa sabuni na maji mengi. Alimbadilisha kanga. Kisha akapiga simu hospitali ya Kilindoni, wakatuma gari. Mansuri naye akapigiwa simu. Aliambiwa ailete ile chupa, asiifungue, asiinuse, aitie ndani ya mfuko, ili madaktari waone wanapambana na kitu gani. Mansuri alikuja mbio na pikipiki, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na kitu cha kusifia.

Hospitali walimpa Bi Arafa dawa, wakamwangalia mchana na usiku. Aziza alilala sakafuni karibu na kitanda chake. Daktari alisema wamewahi, lakini asingependa kusema zaidi mpaka aone. Aziza akabaki na swali moja tu rohoni, mama yake atarudi wote au atarudi nusu?

Asubuhi moja mate yalikauka. Mikono ikaacha kutetemeka. Siku iliyofuata, mhudumu alipita na uji, na Bi Arafa akamwambia kwamba uji huu jana ulikuwa na sukari zaidi. Aziza aliposikia neno jana, aliinuka akatoka nje, akaegemea ukuta, akamshukuru Mungu.

Cresensia alikuja kumtazama mgonjwa. Mansuri alimvuta pembeni, na Aziza akafuata. Mansuri alikuwa hajalala vizuri tangu siku ile. Alikuwa amesoma habari katika simu mpaka kichwa kikamzunguka.

"Dada," akasema, "nimesoma kwamba dawa za mbu zinaleta ugonjwa wa kusahau. Basi tuzitupe zote? Tutupe na vyandarua, maana navyo vina dawa?"

"Usitupe chandarua," akasema Cresensia. "Ukitupa chandarua, nitakuona hapa wiki ijayo umeugua malaria."

Akawakalisha kwenye kibaraza cha wodi, akawafafanulia. Alisema hapa kuna mambo mawili, na watu wanayachanganya. La kwanza ni lile lililompata mama yao. Ile ilikuwa sumu ya shambani, imetengenezwa kwa ajili ya miti, si kwa nyumba. Sumu ya namna ile inavuruga mishipa ya fahamu. Ndiyo inayomtoa mtu mate na machozi, ikafinya mboni za macho, ikamtetemesha na kumchanganya akili. Mama yao aliivuta kwa pua katika chumba kilichofungwa, na aliimeza kwa mdomo kidogo kidogo. Hilo halina shaka, na ndiyo maana kutibiwa kumemsaidia.

La pili ni ule ugonjwa wa kusahau wenyewe, ambao madaktari huuita dimensia. Huo haumjii mtu kwa mwezi mmoja. Huja taratibu, kwa miaka, na una sababu nyingi, kama umri, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara. Aziza akauliza kama dawa za wadudu zimo. Cresensia alichagua maneno yake. Alisema watafiti wamewatazama watu waliofanya kazi na sumu za shambani kwa miaka mingi, na katika uchunguzi kadhaa wameona ugonjwa huo unawapata zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo wanashuku. Lakini kushuku si kuthibitisha, na kazi bado inaendelea.

Mansuri akauliza vipi zile za dukani, za kupulizia na za kujipaka.

"Za kujipaka na za nyumbani, ushahidi ni mdogo zaidi," akasema Cresensia. "Asikutishe mtu kwamba ukijipaka leo, kesho utasahau jina lako. Malaria tunaijua inaua. Kwa hiyo tunajikinga na mbu, na tunajikinga na sumu. Yote mawili yanawezekana."

Akaeleza namna. Dawa inunuliwe dukani, katika chombo chake chenye maandishi, na maandishi yasomwe. Ya kupulizia ipulizwe watu wakiwa nje, vyakula na maji vimefunikwa, kisha madirisha yafunguliwe kabla ya kuingia. Ya kuchoma isichomwe katika chumba kisicho na pa kutokea moshi. Ya kujipaka ipakwe kiasi kilichoandikwa, isipakwe viganjani kwa mtu anayekula au kusuka kwa mikono ile, na isikaribie mdomo wala macho. Chandarua kitumike kila usiku. Dawa yake imewekwa kwa kipimo, imepimwa kwa ajili ya kulaliwa. Na dawa ya shambani, akamtazama Mansuri, isitoke shambani. Tena isitiwe katika chupa ya soda hata siku moja, maana mtoto akiiona atadhani ni soda.

Mansuri aliinamisha kichwa. Ana watoto wadogo nyumbani, na chupa ile ilikaa siku mbili mezani kwake kabla ya kuileta kwa mama.

"Lakini dawa bora ya mbu," akamalizia Cresensia, "ni kuwanyima pa kuzalia. Nyie mmewafugia beseni."

Hapo Mansuri alicheka, na Aziza akacheka, kwa mara ya kwanza tangu waje.

Kabla Bi Arafa hajatoka hospitali, nyumba ilitengenezwa. Chupa ilikabidhiwa kwa bwana shamba, naye akajua pa kuipeleka. Haikumwagwa baharini wala chooni. Mansuri alitoa kila kitu katika chumba cha kusukia. Aziza alivaa glavu alizopewa na Cresensia, akafunga kitambaa puani, akasugua sakafu na kuta kwa sabuni. Beseni walilitoboa ili lisitumiwe tena. Ukindu wote uliokuwa mle ndani, mizigo kwa mizigo, mwekundu na mweusi na wa zambarau, ulifukiwa shimoni mbali na kisima, kama alivyoelekeza afisa wa afya.

Nje ya nyumba waliokota vifuu vya nazi, makopo na tairi moja kuukuu. Vyote vilikuwa vimejaa maji ya mvua. Mansuri alipachika wavu dirishani, wa kuzuia mbu, na akapigilia mwingine kuzunguka kibaraza. Mitungi ya maji ikapata vifuniko.

Bi Arafa aliporudi, aliupenda wavu. Habari ya ukindu haikumpendeza. Alisimama mlangoni akauliza uko wapi, akaambiwa umefukiwa. Aliketi akalia kwa ajili ya ukindu ule kama mtu aliyefiwa. Alikuwa ameuchana mwenyewe na kuuchemsha mwenyewe. Kisha akasema haya, yamepita, nani atanikatia mwingine?

Suala la maji ndilo lililozua ubishi. Aziza alisema maji yatamwagwa kila siku. Bi Arafa alisema rangi itafifia. Aziza alisema basi ifie mbali. Bi Arafa akauliza ni nani fundi humu ndani. Cresensia, ambaye alikuja kupima shinikizo la damu, aliwasikiliza wote wawili, akauliza kama ni lazima ukindu uloe. Je, hautoshi kuwa na unyevu tu? Bi Arafa akafikiri. Kesho yake alichukua kitambaa safi, akakilowesha, akakikamua, akauviringisha ukindu ndani yake. Ukalainika vizuri, rangi haikutoka, na beseni halikuhitajika. Alitangaza kijiji kizima kwamba amegundua njia mpya.

Akahama chumbani pia. Sasa alisuka kibarazani nyuma ya wavu, asubuhi mapema wakati hewa bado ina unyevu. Kikija kiupepo, alikuwa na kile kitambaa chake. Jua likipanda aliweka ukili chini, akapumzika. Kichwa hakikumuuma tena.

Je, alirudi wote? Daktari hakuwadanganya. Alisema sumu imekwisha, lakini atakuwa akimpima kila baada ya muda, na wao nyumbani wawe macho. Bi Arafa bado hupoteza miwani yake, na mara mbili ameikuta kichwani. Lakini sala anazijua, majina anayajua, na chumvi anatia mara moja.

Asubuhi ile ya kwanza ya kurudi kazini, alichukua ukindu mpya, akaanza jicho la kasa. Aziza alikuwa tayari amefunga kanga ya kwendea pwani. Alisimama akatazama. Vidole vya mama yake vilihesabu, vikaruka, vikarudi, vikasita. Kisha vidole vikaendelea, na jicho likafungika, nyekundu mahali pa nyekundu na nyeusi mahali pa nyeusi.

Aziza akaifungua ile kanga ya pwani. Mwani ungesubiri mpaka maji ya jioni. Akaketi miguuni pa mama yake, akaomba afundishwe.

Kujifunza hakukuwa rahisi. Aziza alikuwa na mikono ya kufunga kamba za mwani, si ya kusuka. Alikosea, akafumua, akakosea tena. Bi Arafa hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Lakini siku zilivyokwenda, ukili ukarefuka, na Idi ilipokaribia, Furaha alikuja mwenyewe kuutazama, akaambiwa na bibi yake kwamba atakayeuweka mkeka huu juu ya kabati hataozwa.

Asubuhi moja walikuwa wamekaa kibarazani wote wawili, kila mmoja na ukili wake. Aziza alifika mahali pagumu, pale ua linapogeuka. Alihitaji mkono wa tatu. Bila kufikiri, akauinua uzi mwekundu akauweka kwenye meno.

Kofi likampata mkononi hata hakuliona linakotoka. Uzi ukaanguka mapajani.

"Toa mdomoni," akasema Bi Arafa. "Nimekuambia mara ngapi?"

Aziza alisugua mkono wake. "Mara tatu, mama."

"Nne," akasema Bi Arafa, wala hakuinua macho kutoka kwenye ukili wake. "Ya juzi umeisahau."